Ndege Iliyorudi Bila Butoyi

Mliponiona nimerudi nimenyoa kichwa, kila mmoja wenu alikuwa na maelezo yake. Fatuma alisema ni mtindo. Sele akasema nimeokoka. Mama wa duka la chini alinitazama tu akanyamaza, na ni yeye peke yake aliyepatia. Mmeniomba nisimulie, nami kila nikijaribu kwa mdomo nafika kwenye sufuria nakwama. Basi nawaandikia. Habari za tiketi na simu za kuulizia vyumba naziruka. Hazina mtu ndani yake.

Kutoka Morogoro

Mnamkumbuka Shangazi Leokadia, dada mkubwa wa baba, aliyeletwa kwetu Morogoro kutibiwa moyo. Mlimkuta barazani, miguu imevimba, akichambua mchele kana kwamba kila punje ina kosa lake. Siku moja daktari alimvuta baba pembeni akamwambia yale ambayo madaktari huyasemea pembeni. Shangazi aliyasikia. Tangu hapo akawa na swali moja tu, akiliuliza wakati wa chai, wakati wa rozari, wakati wa taarifa ya habari:

"Mimi nitazikwa kando ya nani?"

Aliolewa Kalinzi, kule juu milimani ambako kahawa inaota hadi mlangoni na ziwa linaonekana chini kama bati lililoachwa juani. Katika ukoo wa mumewe, mke hulazwa kando ya mume, upande wake wa kushoto. Lakini mume huyo hakuwa na kaburi.

Aliitwa Butoyi. Alikuwa mpakiaji mizigo katika uwanja wa ndege wa Kigoma miaka ile ya vita ng'ambo ya ziwa. Kulikuwa na ndege moja ya mizigo, nene tumboni, iliyokuwa ikipeleka unga. Butoyi alipanda nayo ili akashushe magunia huko iendako. Safari nzima alikaa chini mkiani, mgongo ukutani, ameshika pete ya chuma ya kufungia mizigo. Asubuhi moja waliondoka wanne wakarudi watatu. Rubani, mtu wa kuja, alisema risasi zilianza Butoyi akiwa chini na magunia, naye hakuweza kungoja. Mwili haukuletwa. Habari haikuja. Tangu siku hiyo Shangazi hakuwa mke, wala hakuwa mjane.

Na Butoyi ni jina la pacha mdogo. Pacha mkubwa, Bukuru, yuko hai, ndiye msimamizi wa ukoo. Kwa hiyo miaka yote hii Shangazi aliuona uso wa mumewe ukizeeka juu ya mabega ya mtu mwingine. Nilipokuwa mdogo niliona kwamba akizungumza na shemeji yake hutazama miguu ya huyo shemeji. Nilidhani ni heshima.

Kwao, mtu aliyepotea asipopatikana huzikwa mgomba. Hukatwa shina lenye urefu wake, likavishwa sanda, likalazwa shimoni. Ila lazima liandamane na kitu ambacho mwili wake ulikigusa mara ya mwisho alipoonekana. Bila hicho, mmezika mgomba tu. Mashati aliyoacha nyumbani hayakufaa, kwa sababu hayo aliyaacha. Magunia yalibaki ng'ambo; kitu cha mwisho alichokigusa kikarudi kilikuwa ndege, na ndege ile iliondoka Kigoma ikaenda zake.

Halafu jioni moja nilikuwa napitisha picha kwenye simu, yeye ananichungulia begani. Ikatokea hoteli mpya kandokando ya ziwa, ukishapita Ujiji: ndege ya zamani iliyostaafu, imeburutwa hadi mchangani, imepakwa rangi nyeupe, imetiwa vitanda na mapazia. Wapendanao walikuwa wamesimama mlangoni na glasi mikononi.

Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili. Chini ya mlango, upande wa kulia, palikuwa na bonde, kama shavu la mtu aliyeng'olewa meno.

"Hapo gari la magunia liliigonga," alisema. "Butoyi alipapaka rangi mwenyewe, wakamcheka kwamba rangi haifanani. Mwanangu, hii ndege si imerudi?"

Reli

Tulipanda treni, kwa kuwa moyo wake haukuruhusiwa kupanda basi la siku nzima. Nakumbuka Dodoma yenye vumbi, Manyoni yenye baridi, na Tabora ambako wauza karanga za kuchemsha waliingiza mikono madirishani. Katika chumba chetu alikuwamo mama mmoja mnene aliyekuwa anarudi Kaliua kwa binti yake, mwenye ndoo ya asali aliyoikumbatia kama mjukuu. Aliongea sana. Aliongea mpaka nikajua maradhi ya watu wote wa kwao. Kisha akamgeukia Shangazi.

"Na wewe dada, mzee wako hajambo?"

"Yuko safarini," alisema Shangazi.

"Safarini wapi?"

"Ng'ambo."

"Siku nyingi?"

"Nyingi."

Mama wa asali akapiga makofi, akacheka hadi ndoo ikatikisika. "Wanaume hawa! Dada yangu, usijidanganye. Huyo ana mji mwingine huko, ana watoto wanamwita baba, anakula samaki wa migebuka na wewe uko hapa na miguu imevimba."

"Ningependa iwe hivyo," alisema Shangazi.

Mama yule akadhani ni utani, akacheka tena, akatulambisha asali kwa kijiko kimoja sote watatu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelisikia neno lile, "yuko safarini," tangu utoto wangu, likisemwa kwa walimu, kwa mapadri, kwa wapangaji, na sikuwahi kuwaza ni mara ngapi mtu anaweza kulisema kabla halijamtoboa ulimi.

Baada ya Kaliua mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli, treni ikasimama porini. Hapakuwa na kituo, palikuwa na miombo tu na sauti ya vyura. Tulikaa pale hadi maji ya kunywa yakaisha na watu wakaanza kuuziana hata chai iliyopoa. Vijana walishuka wakawasha moto kando ya mabehewa. Kuna mtu alileta mihogo, sijui aliitoa wapi. Tulikula imeungua nje na mbichi ndani.

Nilipogeuka sikumwona Shangazi kitandani. Nilimkuta mwisho wa behewa, karibu na mlango, ameketi chini juu ya chuma kitupu, mgongo ukutani, mkono mmoja umeshika nondo.

"Inuka, Shangazi, baridi hiyo."

"Subiri kidogo. Nataka kujua mgongo wake ulikuwa unamuuma wapi."

Tuliondoka kesho yake. Pale Uvinza wanawake walipita na mifuko ya chumvi wakiimba bei zake. Shangazi aliwatazama mmoja mmoja. "Daktari wenu amenikataza chumvi," alisema, "halafu mnanipitisha inakozaliwa." Hiyo ndiyo mara pekee aliyotania njia nzima.

Ndani ya ndege

Kigoma ilitupokea na jua lake lililotanda juu ya maji. Dereva wa bajaji alipojua tunakokwenda alimkagua Shangazi, kanga mbili, kandambili, miguu kama mihogo.

"Mama, unakwenda kulala kule Ndege? Nikuambie ukweli. Hata ulipe vipi, ile hairuki."

"Sitaki iruke. Ilisharuka vya kutosha."

Tulipita Ujiji, tukapita minazi na michikichi, tukapita vichanja vyenye dagaa walioanikwa, harufu yao ikituingia hadi kooni. Kisha njia ikashuka mchangani, tukaiona. Kwenye picha ilikuwa kubwa. Pale, mbele ya ziwa lile na milima ya Kongo nyuma yake, ilikuwa ndogo kama kitu kilichosahauliwa na watoto. Mapanga ya injini zake yalikuwa yamefungwa taa za rangi.

Mlangoni alisimama binti aliyevaa sketi ya buluu, skafu shingoni, kofia ndogo imebandikwa pembeni ya kichwa. Aliitwa Rehema, mzaliwa wa Ujiji. Aliunganisha viganja, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kukariri:

"Wapendwa abiria, karibuni ndani ya ndege yetu. Safari yetu ya leo ni ya mapumziko. Tafadhali acheni mawazo yenu nje, fungeni mikanda ya furaha."

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akauliza, "Rubani yuko wapi, mwanangu? Nina neno naye."

Tabasamu la Rehema lilibaki mahali pake, lakini macho yakamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa meneja, kijana nadhifu mwenye simu mbili. Akacheka vizuri, bila ubaya. "Bibi, rubani ni mimi. Karibuni sana, tumewaandalia."

Walikuwa wametuandalia kweli. Katika simu yangu niliwaambia tunakuja kwa jambo maalumu la kifamilia, jambo kubwa kuliko yote. Wao wakaelewa kama wanavyoelewa siku zote. Kitanda kilimwagiwa maua mekundu. Taulo zilikunjwa zikawa bata wawili weupe wanaobusiana, na ukutani palining'inia karatasi za kung'aa zilizoandika HONGERENI.

Shangazi aliwatazama wale bata kwa muda mrefu. "Hawa ni wa nini?"

"Ni mapambo, bibi," alisema Rehema, na sasa alikuwa anaongea kwa sauti yake mwenyewe. "Ni kwa ajili ya maharusi."

"Basi hamkukosea sana. Nimekuja kwa mume wangu."

Alianza kuzunguka. Chumba chetu kilikuwa nusu ya nyuma ya ndege. Kuta zilifunikwa mbao nyembamba, sakafu mbao, dari kitambaa. Alipapasa kila mahali kama kipofu anayehamia nyumba mpya. Alikuwa anaelekea mkiani. Akafungua mlango mdogo wa mwisho, akasimama.

Mahali alipokuwa akikaa Butoyi pamewekwa choo.

Kilikuwa choo kizuri, cheupe, chenye vigae vya kijani. Shangazi aliingia, akafunga kifuniko, akashuka taratibu hadi vigaeni kando yake, mgongo ukutani. Mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe kutafuta pete. Ukakuta kishikio cha karatasi za chooni. Akakishika hivyo hivyo.

Mimi na Rehema tulisimama mlangoni bila kujua pa kuweka macho yetu. Nilimweleza kwa kifupi. Binti yule alivua kofia yake ndogo.

Mchana mvua ilitoka ng'ambo, ikavuka ziwa ikiwa imesimama wima kama ukuta, ikatufikia. Mvua juu ya ndege si mvua ya bati. Inalia pande zote, juu, ubavuni, chini ya miguu, hadi unajiona uko ndani ya ngoma. Wageni wengine, mume na mke kutoka Mwanza waliokuwa wanapigana picha kwenye viti vya marubani, walipiga kelele za furaha. Shangazi alikuwa amelala juu ya maua mekundu, macho wazi.

"Aliisikia hivi," alisema. "Aliniambia mvua ikinyesha, mkiani hamuwezi kuitana."

Mvua ilipokatika tulimwendea meneja. Nilimwambia tunaomba kipande kimoja cha ndege, hata kama ni msumari, ili mtu azikwe. Alisikiliza kwa makini, simu zote mbili amezigeuza kifudifudi.

"Pole sana kwa matatizo, bibi. Lakini sehemu za ndege hatutoi. Kila mgeni anataka kuondoka na kitu. Juzi mtu alining'olea kitasa. Tukiruhusu, tutabaki na nini?" Akawaza kidogo, akang'aa. "Ila naweza kuwapa picha nzuri ya ndege, kubwa, ndani ya fremu. Bure kabisa."

"Picha haikumgusa," alisema Shangazi.

Chakula cha jioni kilikuwa migebuka ya kukaanga, ugali wa muhogo na mboga zilizoungwa kwa mawese, vimepangwa kwenye sinia zenye vigawanyo kama za angani. Hakula. Alfajiri niliamshwa na sauti ya kukwaruza. Alikuwa amepiga magoti kando ya choo, kisu cha siagi mkononi, anabandua ubao wa ukuta. Aliutoa wote. Nyuma yake palikuwa na sponji ya manjano, laini, mpya kabisa. Akaisukuma kwa kidole, kidole kikazama, hakikufika popote.

Rehema alitukuta hivyo alipoleta chai. Niliogopa atapiga kelele. Aliweka chai chini, akachukua ubao, akaurudisha mahali pake, akaugonga kwa kiganja.

"Mwakeye, bibi," alimsalimu kwa Kiha. "Humu hutapata kitu. Kila kilichokuwa ndani kilitolewa kabla hawajaleta mbao. Ile sakafu yenye mapete aliichukua fundi wa sufuria, yuko Gungu. Mjomba wangu alisaidia kuibeba."

"Fundi wa nini?"

"Wa sufuria, bibi."

Gungu

Nyuma ya nyumba ya Fundi Shabani palikuwa na shimo la mkaa linalowaka, na juu yake chungu cha chuma kilichojaa kitu cheupe kinachotetemeka kama maziwa ya mwezi. Alikuwa anakoroga kwa fimbo. Kandokando palilundikwa vitu vilivyokufa: vichwa vya injini, fremu za madirisha, makopo ya soda yaliyobonyezwa. Mbele yake, ndani ya udongo mweusi uliosindiliwa, palikuwa na umbo la sufuria lisilo na sufuria, tupu, likingoja kumiminiwa.

"Ndege?" Fundi alicheka, mtu mchangamfu mwenye nyusi zilizoungua. "Ndege tuliila hapa, dada. Sakafu yote. Tulikata, tukachoma, tukamimina, hadi ikaisha. Mali safi ile, haina taka, inashuka kama siagi."

"Na pete?" aliuliza Shangazi.

"Pete ni chuma, mama. Chuma hakinitii. Zilikwenda na wanunuzi wa vyuma chakavu, sijui zilikoishia. Mimi niliyeyusha sakafu tu."

"Alikuwa anaikalia hiyo sakafu." Alikaa chini juu ya kichwa cha injini. "Sufuria ziko wapi?"

Fundi aliinua mkono wenye fimbo, akauzungusha: Ujiji, Mwanga, Kasulu, maboti ya wavuvi, milimani. "Ziko kwa watu. Ziko mekoni. Mama, hata wewe huenda umeshakula ndani yake."

Nilimwona Shangazi akifikiri jiko moja baada ya jingine. Kisha akauliza kama hakubaki na hata moja. Fundi alikuna shingo, akaita kuelekea nyumbani: "Mama Zuhura! Ile yako ni ya ndege au si ya ndege?"

"Ya ndege!" ilijibu sauti. "Na siiuzi!"

Mama Zuhura alitoka akifuta mikono, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa haraka. Alipika uji kwa ajili ya kuwauzia mafundi na wanafunzi, na sufuria ile, alisema, ndiyo mguu wake na mkono wake. Haishiki chini, haiunguzi, nyepesi. Hata mumewe alipotaka kuiuza alimwambia auze kwanza kitanda.

"Nitakupa nyingine mpya," alisema fundi.

"Mpya ya makopo ya soda? Kaa nayo." Kisha akatugeukia. "Na nyinyi, sufuria zimejaa mji mzima. Kwa nini yangu?"

Shangazi alimweleza. Aliongea kwa kifupi, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia. Mume, ndege, pete, mgomba, upande wa kushoto. Mama Zuhura alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Mikono ikashuka. Aliingia ndani, tukasikia uji ukimiminwa kwenye vyombo vingine, tukasikia maji, tukasikia mchanga ukisugua. Alirudi na sufuria inayochuruzika, akaiweka mapajani mwa Shangazi, akamshika mabega.

"Pole, mama. Pole kwa kufiwa na mume."

Shangazi alifungua mdomo ajibu, jibu halikutoka. Nami ndipo nilipoelewa jambo ambalo familia yetu nzima haikuwahi kulitambua. Hakuna mtu aliyewahi kumpa pole. Wangempaje? Mume alikuwa safarini.

Kalinzi

Tulipanda mlima kwa gari dogo la kubebea ndizi, Shangazi mbele na sufuria mapajani, mimi nyuma na matenga matupu. Kila kona ziwa lilizidi kushuka na hewa ikazidi kuwa baridi. Kutoka barabarani tulitembea kwenye njia ya miguu katikati ya kahawa, yeye akisimama kila baada ya hatua chache, mkono kifuani, hataki nimpokee mzigo.

Bukuru alikuwa amepata simu yangu. Shimo lilikuwa tayari, nyuma ya nyumba, na shina la mgomba lililovishwa sanda lililala barazani juu ya mkeka, refu kama mtu wa kimo cha Bukuru, kwa sababu walikuwa wamempima yeye. Watu walikuwa wameanza kujaa. Katekista alikuwapo, hana raha, akirudia kwa kila mtu kwamba yeye atamwombea marehemu, hatauombea mgomba.

"Mmekuja na nini?" Bukuru aliuliza.

Shangazi alitazama miguu ya shemeji yake, akamwonyesha sufuria.

"Hiki ni nini, shemeji?"

"Ni mahali alipokuwa amekaa."

Mzee aliigeuza sufuria, akaigonga kwa kucha. Kijana mmoja wa ukoo alicheka kwa pua. "Baba, tutamzika mtu na chombo cha jikoni? Kesho watatuita ukoo wa sufuria."

"Wewe ulikuwa umezaliwa?" Bukuru alimuuliza. Lakini mzee mwenyewe hakuwa amekata shauri. Aliiweka sufuria barazani, kando ya mgomba, akaenda kuzungumza na wazee wenzake. Mimi nilimpeleka Shangazi ndani akanawe na kupumzisha miguu.

Tulipotoka, sufuria haikuwapo.

Mnajua msiba ulivyo. Chombo kikiletwa na ndugu hakiulizwi ni cha nani. Kila mtu huja na chochote alichonacho, na wanawake wa jikoni wana watu wa kulisha. Tulifuata moshi hadi nyuma ya migomba. Ilikuwa pale, juu ya mafiga, imejaa maharage hadi ukingoni, povu linaruka, chini imeshakuwa nyeusi tititi.

Bukuru alifika nyuma yetu. "Nani ameweka sufuria hii motoni?"

Mwanamke aliyekuwa anakoroga alishtuka. "Mimi. Kwani sufuria si ya kupikia?"

"Hiyo ndiyo anayozikwa nayo mtu!"

Mwiko ulianguka. Mmoja aliziba mdomo, mwingine, Mungu amsamehe, akaanza kucheka na hakuweza kujizuia, machozi yakimtoka. Katekista alishika kichwa. Bukuru aliinama kuiepua, mikono mitupu, akaungua, akaiacha.

"Acheni yaive," alisema Shangazi.

Wote walimgeukia.

"Tangu aondoke hajalisha mtu katika ua huu. Nimelima peke yangu, nimepika peke yangu. Leo alishe yeye. Yakiiva mle, ndipo tuzike."

Basi tukangoja maharage. Ndivyo nilivyosubiri mazishi ya mjomba wangu, nikikaa kwenye gogo, nikitazama maharage yakichemka. Yalipakuliwa, na habari ilikuwa imeshaenea. Wawili watatu waliinuka wakaondoka bila kugusa sahani. Waliobaki walikula kimya. Bukuru alikula yote, akafuta sahani kwa kidole. Nami nilikula. Yalikuwa maharage tu, yamepungukiwa chumvi.

Shangazi aliisugua sufuria mwenyewe kwa majivu. Weusi wa chini haukutoka, akauacha. Mgomba ukateremshwa. Bukuru aliingia shimoni, akaiweka sufuria pale ambapo mgongo wa mtu ungelala, akaifunika kifudifudi, akatoka.

Udongo wa kwanza ulipoigonga, ililia. Ilitoa sauti ya chuma, wazi, kubwa, ikapanda kutoka chini, watu wakarudi nyuma. Mara ya pili ikalia. Nilikuwa nimeshika mkono wa Shangazi, nikajua tunasikia kitu kimoja, ile mvua ya juu ya ndege, pale mkiani ambapo hamuwezi kuitana. Makoleo yakaendelea. Sauti ikawa nzito, ikawa ndogo, ikawa ya udongo juu ya udongo.

Ilipokoma kabisa, ndipo alipolia. Sitakieleza kilio kile. Kilikuwa kimefungiwa tangu kabla sijazaliwa.

Baadaye walileta nyembe. Walimnyoa yeye kwanza, kisha wa damu wote, na mimi nikainamisha kichwa nikasikia baridi ya mlima utosini kwa mara ya kwanza. Alioneshwa upande wa kushoto wa kaburi, akautazama kama mtu anavyotazama kitanda mwisho wa siku. Hakurudi nami Morogoro. Hatarudi.

Kisha watu wakapanga mstari kumpa mkono. Pole, mama. Pole, dada. Pole, shangazi. Pole kwa kufiwa. Yeye, ameketi mkekani, kichwa kinang'aa, alimjibu kila mmoja: nimeshapoa. Nimeshapoa. Mzee kwa mtoto, hakumruka hata mmoja.

Wa mwisho alikuwa Bukuru. Alichuchumaa mbele yake, mikono imefungwa kitambaa pale alipoungua.

"Pole, shemeji."

Shangazi alianzia miguuni, kama kawaida yake. Kisha macho yakapanda taratibu, magotini, kifuani, yakafika usoni, yakatulia hapo. Alimtazama kwa muda mrefu sana, makunyanzi yote, mapengo yote, ndevu nyeupe.

"Umezeeka," alimwambia. "Umezeeka, Bukuru."